Maajabu ya Historia, Sanaa na Sayansi Mtandaoni: Maswali Ambayo Watu wa Arusha na Moshi Huuliza Mara kwa Mara

Mtu mzima mwenye shughuli zake anapata faida gani kwa kusoma vitu hivi?

Anapata raha, na raha hiyo inamfuata hadi barabarani. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akapinga kwa miaka mingi, akishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ukishajua hilo, asubuhi mlima unapofunguka ukiwa unasubiri daladala pale stendi ya Moshi, unaiona theluji ile ile iliyobishaniwa na watu ambao hawakuwahi kuikanyaga.

Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo, kwa sababu majibu yote hapa chini yanalizunguka. Kinachosambazwa kwenye simu zetu kwa kawaida ni kipande tu cha kisa, na mara nyingi kipande kitamu zaidi ndicho kilichokatwa. Anayependa maajabu kwa dhati hukifuata kisa mpaka mwisho.

Nianzie wapi kama sijui nifuate kurasa zipi?

Anza na kinachokuvutia, kisha chuja. Ukurasa mzuri hutaja mwaka, mahali na jina la aliyepiga picha au aliyefanya utafiti, na ukikosea husahihisha hadharani. Ukurasa unaoandika tu "wanasayansi wamegundua" bila kusema wanasayansi gani, wa wapi, haustahili nafasi kwenye simu yako. Makumbusho makubwa ya dunia, mashirika ya anga na vyuo vikuu vina kurasa zao wenyewe, na mengi ya yanayosambazwa yametoka huko kabla ya kuharibiwa njiani. Kwa Kiswahili, Wikipedia ya Kiswahili ni pa kuanzia, si pa kumalizia.

Je, ni kweli Ziwa Natron linageuza ndege kuwa mawe?

Hapana, na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, labda kwa sababu ziwa lenyewe liko mkoani kwetu Arusha.

Picha zile ni za kweli: popo na ndege waliokakamaa, wamekaa wima kama sanamu. Zilipigwa na Nick Brandt na zikaenea sana mwaka 2013. Ila Brandt mwenyewe alieleza alivyofanya. Aliokota mizoga iliyokaushwa na chumvi za ziwa kandokando ya maji, akaiweka kwenye matawi na mawe kana kwamba bado iko hai, kisha akapiga picha. Ni kazi ya sanaa, na ni kazi nzuri. Waliosambaza ndio waliokata maelezo na kuandika kwamba ndege akigusa maji tu anageuka jiwe papo hapo.

Maji ya Natron ni makali kweli. Yamejaa magadi yanayotoka kwenye miamba ya volkano inayolizunguka ziwa, na ukali wake unaweza kufika pH 10 na zaidi. Mzoga ukianguka humo hauozi upesi, unakauka na kupakwa chumvi.

Sasa tazama kilichokatwa. Ziwa hilo hilo linaloitwa la mauti ndilo mahali ambapo takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa. Maji yale makali yanawazuia fisi na mbweha kufika kwenye viota vilivyojengwa kwa tope katikati ya ziwa, na viini vidogo vinavyoota humo ndivyo chakula chao na ndivyo vinavyowapa rangi yao ya waridi. Kusini mwa ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Inatoka ikiwa nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mimi naona huo ni muujiza mkubwa kuliko ndege wa mawe, na hauhitaji kutiwa chumvi na mtu yeyote.

Kila mwezi wa saba tunatumiwa ujumbe kwamba dunia imekwenda mbali na jua, ndiyo maana Arusha kuna baridi. Ni kweli?

Ujumbe huo una ukweli mdogo uliobeba uongo mkubwa. Huwa unasema umbali wa kawaida kati ya dunia na jua ni kilomita milioni 90, kwamba sasa umeongezeka hadi milioni 152, na kwamba tutaumwa mafua mpaka Agosti.

Ukweli ni huu: kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, dunia hufika mahali pa mbali zaidi katika mzunguko wake, kama kilomita milioni 152 kutoka kwenye jua. Lakini wastani wa umbali huo ni karibu milioni 150, na mwanzoni mwa Januari tunapokuwa karibu zaidi ni milioni 147. Tofauti kati ya Januari na Julai ni kama asilimia 3 tu. Hiyo milioni 90 haipo kabisa.

Kama umbali ndio ungeleta baridi, Julai ingekuwa baridi kwa watu wote duniani. Kumbe wakati wewe umejifunika blanketi pale Sakina, watu wa Cairo na Roma wanaungua na kiangazi. Baridi yetu inatokana na kuinama kwa dunia: miezi hiyo upande wa kaskazini umeelekea jua, na sisi tulio kusini kidogo ya ikweta tunapata kipupwe na upepo wa kusi. Ongeza na mawingu yanayofunika Meru na Kilimanjaro siku nzima, na urefu wa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, ndiyo maana ukishuka kutoka Arusha kwenda Moshi mwezi huo huo unaanza kuvua sweta mapema.

Ujumbe huu utarudi tena mwakani. Uhifadhi jibu.

Mnara wa Saa wa Arusha uko katikati ya Cairo na Cape Town?

Hili nalipenda kwa sababu unaweza kulipima mwenyewe. Chukua ramani ya simu, pima kwa mstari ulionyooka. Arusha hadi Cairo utapata kama kilomita 3,750, na Arusha hadi Cape Town kama kilomita 3,900. Kwa hiyo wanaosema hivyo hawajatunga hewani: umbali wa pande zote mbili unakaribiana sana.

Lakini ukichora mstari mmoja kutoka Cairo hadi Cape Town na kutafuta katikati yake, alama itaangukia ndani ya Kongo, mamia ya kilomita magharibi mwetu. Arusha ilipata sifa hiyo kwa kuwa kwenye njia kuu ambayo Waingereza waliiota, ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika wakipita katika makoloni yao. Mgeni akikuuliza chini ya mnara, mpe habari zote mbili.

Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro?

Hapana, ingawa hata baadhi ya vitabu vya watalii vimelirudia. Wanaosambaza huonyesha ule mpaka wa Kenya na Tanzania unaokuja umenyooka kutoka Ziwa Victoria, kisha unapinda kuuzunguka mlima kwa kaskazini.

Tarehe zinakataa. Mapatano ya mpaka kati ya Uingereza na Ujerumani yalifanywa mwaka 1886, na mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alikalia kiti cha ukaisari mwaka 1888. Mwaka 1885 mawakala wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuweka mkataba na Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, na huo ndio walioutumia kudai mlima, huku Waingereza wakibaki na Mombasa. Kisa cha zawadi kinamwondoa Mangi Rindi kwenye historia ya mlima wake, kana kwamba mambo yote yaliamuliwa na bibi na mjukuu wake huko Ulaya. Hilo ndilo linalonikera.

Maji ya moto kweli huganda upesi kuliko ya baridi?

Wakati mwingine, na wanasayansi bado wanabishana. Kisa hiki husambazwa dunia nzima kwa jina la Mtanzania, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, naye akawahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza darasani, akachekwa.

Kipande ambacho picha za mtandaoni huacha ni kwamba hakunyamaza. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara wa fizikia. Mpemba akauliza tena swali lile lile mbele ya wote, wakacheka tena. Osborne akarudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi mjini. Watu wengi wa Moshi hupita njia ya Mweka bila kujua hilo, na linastahili kujulikana.

Sababu? Zimetajwa kadhaa: maji ya moto hupungua kwa mvuke, huzunguka ndani ya chombo kwa namna tofauti, au chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Wengine hawakukubali. Kwa hiyo anayekutumia ujumbe kwamba "imethibitishwa" na anayekutumia kwamba "ni uongo" wote wamefupisha mno.

Picha za Tingatinga zinazouzwa Arusha ni sanaa ya kale ya Kiafrika?

Si ya kale. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hivyo Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mbao nyembamba za kujengea na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioiendeleza hadi ikaenea katika maduka ya vinyago ya mjini Arusha. Ukimwambia mgeni kwamba ni ya maelfu ya miaka, unamnyang'anya Tingatinga kazi yake.

Ukitaka michoro ya kale kweli, shika njia ya Babati hadi Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Barabara ni ya lami.

Nimetumiwa picha ya fuvu, wanasema ni la Mangi Meli. Niisambaze?

Usiisambaze.

Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18, wakiwemo mangi na wazee wa maeneo mengine. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wamekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu machache na familia zilizo hai hapa kwetu, moja likiwa la akida wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo.

Kwa hiyo picha yoyote yenye maandishi "hili hapa fuvu la Mangi Meli" ni madai yasiyo na msingi. Hata kama ingekuwa kweli, huyo ni baba wa watu ambaye hajazikwa kamili. Wajukuu na vitukuu wake wapo, wana simu, na wako kwenye makundi haya haya. Sambaza jina lake, tarehe na habari za madai ya familia. Mabaki ya mwili yaache.

Nitajuaje kama picha imetengenezwa na akili mnemba?

Njia ya kwanza ni kuitafuta picha yenyewe. Google Lens inakuonyesha mahali pengine ilipowahi kuonekana, na mara nyingi utakuta ya miaka kumi iliyopita, nchi nyingine kabisa. Tazama pia maandishi kwenye mabango na nguo: akili mnemba bado huandika herufi za ajabu. Lakini zinazidi kuboreshwa, kwa hiyo usitegemee macho peke yake.

Kwa picha za Kilimanjaro sisi tuna faida. Ukitazama kutoka Moshi, kilele cha Mawenzi, kile kilichochongoka, kiko kulia kwa Kibo, kilele kikuu. Ukitazama kutoka Amboseli upande wa Kenya, iko kushoto. Picha yenye migomba na paa za bati za Moshi huku Mawenzi iko kushoto imegeuzwa au imetungwa. Angalia na barafu: kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipungua kwa takriban asilimia 85. Kofia nzito nyeupe iliyoshuka hadi mabegani inaweza kuwa ni siku ya theluji mpya, inaweza kuwa picha ya zamani sana, au haijawahi kuwepo. Uliza ni ya lini.

Bando langu ni dogo. Nifanyeje?

Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Maandishi hula data kidogo sana. Na maktaba za umma zipo, Arusha na Moshi, zenye vitabu vya historia ambavyo havijawahi kupigwa picha na mtu.

Mjomba wangu anatuma habari za uongo kwenye kundi la ukoo. Nimsahihishe vipi bila kumvunjia heshima?

Usimjibu mbele ya watu. Mkubwa akisahihishwa na mtoto wa dada yake mbele ya mashemeji na wakwe, hatasikia hoja, atasikia dharau tu. Mwandikie pembeni, au bora zaidi mpigie. Anza na shikamoo na habari za nyumbani, kisha: "Mjomba, ile habari ya jua uliyotuma imenifanya nitafute zaidi, nikakuta jambo zuri. Naomba nikutumie." Mpe kilichokatwa, mwachie yeye alete kundini. Mara nyingi atakileta kwa fahari, na kundi litapata habari sahihi kutoka kwa mtu wanayemsikiliza.

Isipokuwa ujumbe ukihusu dawa au maradhi. Hapo usisubiri jioni. Mpigie mara moja, na kama hapokei, andika kundini kwa upole kwamba watu wasitumie dawa hiyo kabla ya kumwona daktari.

Jambo la kumwonyesha pia: WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Mishale hiyo ni dalili kwamba aliyeuanzisha ujumbe hayupo tena wa kuulizwa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inafanya kuwa kosa kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudanganya. Habari za ndege wa mawe hazitakufikisha mahakamani, ila habari za uongo kuhusu mtu au maafa ni jambo jingine. Na picha za watu zina wenyewe: taja mpiga picha, usikate jina lake pembeni.

Watoto nao wanapenda. Niwape nini cha kufanya badala ya kutazama skrini tu?

Wape jua la utosi. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya kichwa kabisa: karibu tarehe 11 au 12 Machi, na tarehe 1 au 2 Oktoba. Simamisha chupa uani. Mwezi Oktoba, saa sita na dakika 20 hivi mchana, kivuli chake kitamezwa chini yake. Machi ngoja mpaka kama saa sita na dakika 40. Waambie wachore kivuli kwa chaki kila baada ya dakika kumi, na waulize kwa nini hakikutoweka saa sita kamili. Jibu ni kwamba saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake.

Jumamosi nyingine wapeleke Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na mabaki ya kale. Wakishaona habari za nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, wapimie nyayo zao uani kwenye udongo mbichi.

Kijijini kwetu kuna kitu cha ajabu ambacho sijawahi kukiona mtandaoni. Nikiweke?

Kiweke, tafadhali. Mambo ya Ulaya tumeshiba, ya kwetu bado machache. Mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji kwenye vihamba vya migomba, mabaki ya Engaruka kule Monduli ambako wakulima walijenga mifereji na matuta ya mawe kuanzia karne ya 15 kisha wakaondoka, nyumba ya msonge ya bibi: vyote vinastahili.

Kabla hujapiga picha, omba ruhusa ya mwenye eneo. Muulize mzee anayejua, mrekodi sauti akikubali, na uandike jina lake kama anataka litajwe. Andika kijiji, kata na tarehe uliyopiga. Tenganisha ulichoona kwa macho, alichosema mzee, na unachodhani wewe. Kama ni pango, kaburi au mahali pa tambiko, usiweke ramani inayomfikisha kila mtu mlangoni. Na picha ya asili, ile kubwa isiyopunguzwa, ihifadhi mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa.